Pesa Ikipotea, Tumuulize Nani?

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya viongozi wa vikundi vya akiba waliokutana hapa Eldoret. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali machache yaliyoulizwa, kwa sababu wengi waliomba nakala ya kuwasomea wenzao nyumbani.

Twajua mmeacha ng'ombe hawajakamuliwa vizuri na vibanda vya soko mikononi mwa watoto ili mfike hapa mapema. Asanteni.

Siku hizi kila tunapotembelea vikundi, kuna swali linaloulizwa hata kabla chai haijamiminwa. Mama mmoja huuliza, "Hizi sarafu za mtandao, bitcoin na wenzake, ni za kweli ama ni za uongo?" Mwingine husema, "Kijana wangu anacheza mchezo kwa simu usiku kucha, ananiambia atalipwa." Na kuna vikundi ambavyo tayari vimeletewa wazo la kutoa sehemu ya akiba ya wanachama "tujaribu bahati". Hapo ndipo tulipoona afadhali tuseme jambo hili wazi.

Sisi si mafundi wa kompyuta. Kazi yetu ni kusaidia vikundi kuweka akiba na kukopeshana. Kwa hivyo tutaiuliza pesa hii swali lile lile tunaloiuliza pesa ya maziwa, pesa ya mahindi na pesa ya mzunguko: ikipotea, tumuulize nani? Mkiondoka hapa na swali hilo peke yake, tutakuwa tumefaulu.

SARAFU HIZI NI KITU GANI

Bitcoin ilianza Januari 2009. Aliyeianzisha alijiita Satoshi Nakamoto, na mpaka leo hakuna aliyethibitisha ni nani, au kama ni mtu mmoja au wengi. Haina noti wala sarafu ya kushika. Ni daftari.

Fikirieni daftari la kikundi chenu. Badala ya kuwekwa na katibu mmoja, nakala zake ziko katika maelfu ya kompyuta kote duniani. Mtu akituma pesa, mstari mpya huandikwa, na nakala zote lazima zikubaliane. Kufuta mstari wa zamani ni kazi isiyowezekana kwa urahisi. Tena imepangwa kwamba bitcoin hazitazidi milioni 21. Huu ni ujuzi wa kweli, na sisi hatuucheki.

Lakini thamani yake yatoka wapi? Ng'ombe hutoa maziwa. Gunia la mahindi lina unga ndani. Shilingi ina Benki Kuu nyuma yake, na lazima ipokelewe ukilipa deni au kodi. Bitcoin ina bei kwa sababu mtu mwingine amekubali kuinunua, basi. Mnamo Novemba 2021 moja ilifika karibu dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Desemba 2024 ikapita dola 100,000. Kwa hivyo hatusemi hakuna aliyepata faida. Wako waliopata. Lakini mzazi anayedaiwa karo Januari hawezi kuiambia shule ingoje mpaka bei ipande.

MCHEZO UNAOLIPA, ANAYELIPA NI NANI?

Sasa tuje kwa michezo, maana ndiyo mlango ambao vijana wetu huingilia.

Ulikuwako mchezo uitwao Axie Infinity, uliotengenezwa na kampuni ya Vietnam. Mchezaji hufuga vijinyama vya kuchora na kuvipiganisha, akishinda hupewa sarafu za mchezo, kisha huziuza apate pesa za kawaida. Mwaka 2021, wakati wa korona, watu wengi maskini nchini Ufilipino waliufanya kazi ya kutwa. Ili uanze ulihitaji vijinyama vitatu, na bei yake ilikuwa imepanda hadi mamia ya dola. Asiyekuwa na pesa aliazimwa na tajiri, akacheza, wakagawana mapato. Jamani, si huu ni ule mtindo wetu wa kulima shamba la mwenyewe na kugawana mavuno? Tofauti ni kwamba hapa hapakuwa na mahindi.

Tuulize: pesa iliyolipwa wachezaji ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka kwa wachezaji wapya walionunua vijinyama ili nao waanze, na kwa watu walionunua sarafu wakitumaini itapanda. Wageni walipokuwa wengi, wote walicheka. Julai 2021 sarafu ya mchezo huo iliuzwa zaidi ya senti 30 za dola. Wageni walipopungua, sarafu zikawa nyingi kuliko wanunuzi, na kufikia katikati ya 2022 ilikuwa chini ya senti 1. Aliyekuwa akilisha jamaa yake kwa mchezo ule aliamka akakuta kazi ni ile ile, saa ni zile zile, lakini mshahara umeyeyuka. Na hakuna ofisi ya kazi ya kushtaki.

Mwaka 2024 ukaja mwingine, Hamster Kombat, unaochezwa ndani ya Telegram. Huu ulienea sana katika nchi nyingi za Afrika, na hapa Kenya vijana waliugonga kwelikweli. Unagonga kioo cha simu, unatazama video unazoelekezwa, unaalika rafiki, unahesabiwa alama. Vijana walifanya hivyo kwa miezi, wakinunua bando na kuchaji simu. Septemba 26, 2024 sarafu yenyewe ilitolewa. Bei yake ilikuwa kama senti 1 ya dola, kisha ikateremka. Wengi walipata dola chache tu. Lakini wenye mchezo walikuwa wamepata mamilioni ya watazamaji wa video zao. Kazi ilifanywa, na faida ilikuwepo. Ila haikuwa ya mgongaji.

Wazee watakumbuka kwamba wimbo huu si mpya. Katika miaka ya 2006 na 2007 nchi yetu ilijaa vyama vya piramidi. Kikosi cha serikali kilichochunguza jambo hilo mwaka 2009 kilieleza kwamba watu karibu 150,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Kwa majirani zetu Tanzania, mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, ambayo viongozi wake walikuwa wachungaji. Kule kuweka pesa kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Ndiyo maana sisi wa kanisa twasema haya kwa uchungu. Maneno matamu ya imani yakitumiwa kuuza biashara, masikio yetu yafunguke maradufu.

KUFULI NI IMARA, FUNGUO ZI WAPI?

Kuna wanaosema, "Sarafu hizi haziwezi kuibiwa, zimefungwa kwa hesabu ngumu." Daftari ni gumu kweli. Lakini mwizi mwerevu hahangaiki na ukuta, humtafuta mwenye ufunguo.

Ninyi mnaoweka akiba kwa sanduku la kufuli tatu mtaelewa upesi. Funguo tatu hukaa na watu watatu, nyumba tatu, ili mkono mmoja usitoshe kufungua. Basi mchezo ule wa Axie ulikuwa na sanduku lake, liitwalo Ronin. Lilikuwa na funguo 9, na ili pesa itoke funguo 5 zilitakiwa. Ni nyingi kuliko zetu, si ndiyo? Lakini 4 kati ya hizo zilikaa nyumba moja, yaani kwa kampuni yenyewe. Ya tano ilikuwa ya kundi lingine, ambalo Novemba 2021 liliruhusu kampuni iitumie kwa muda kwa vile wateja walikuwa wengi mno. Mwezi uliofuata haja hiyo ikaisha, lakini ruhusa haikufutwa.

Machi 23, 2022 wezi waliingia katika mitambo ya kampuni, wakapata zote 5. Wakatoa mali ya zaidi ya dola milioni 600. Na siku 6 zikapita bila mtu kujua! Iligunduliwa tu wakati mteja mmoja alipotaka kutoa pesa zake akakuta hazitoki. Wapelelezi wa Marekani, FBI, walisema wezi walikuwa kundi la Korea Kaskazini. Baadaye kampuni ilitafuta wawekezaji ili iwarudishie wateja walioibiwa. Lakini bei ya sarafu ya mchezo, hiyo hakuna aliyeirudisha.

Angalieni: kufuli haikuvunjwa. Funguo zilikuwa zimewekwa pamoja, na hakuna aliyekagua. Je, kwenu sanduku likaguliwa mara ngapi? Hilo ni somo hata kwa asiyejua bitcoin.

Na si mchezo huo peke yake. Novemba 2022 soko la kubadilishia sarafu liitwalo FTX, lililokuwa na makao yake Bahamas, lilianguka, kwa kuwa pesa za wateja zilikuwa zimepelekwa katika biashara nyingine ya mwenye soko. Mwenyewe, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa Machi 2024 kifungo cha miaka 25. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa mali ya karibu dola bilioni 1.5 kwa siku moja. Hawa ni wakubwa wenye mafundi na walinzi. Sisi wenye simu moja iliyopasuka kioo tutajilinda vipi?

Wengine husema, "Basi nitajiwekea ufunguo mwenyewe." Ni sawa, lakini ufunguo huo ni maneno 12 au 24 ya siri, na ukiyapoteza umepoteza vyote. Kule Newport, Wales, kifaa cha kompyuta cha mtu aitwaye James Howells, chenye ufunguo wa bitcoin karibu 8,000, kilitupwa jalalani mwaka 2013. Aliomba kwa miaka mingi aruhusiwe kufukua taka, na Januari 2025 mahakama ikakataa kesi yake. Ukikosea nambari ya M-Pesa, waweza kutuma ule ujumbe kwa 456 ukaomba pesa irudishwe, na kama haijatumiwa una tumaini. Bitcoin haina 456.

SERIKALI NA SHERIA

Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi: sarafu hizi si pesa halali ya nchi, hazikuwa chini ya usimamizi wa mtu, na soko likifunga hakuna kinga. Wengi hawakulisoma.

Mnakumbuka Julai 2023, mradi wa Worldcoin ulipokuwa ukipiga picha mboni za macho ya watu? Aliyekubali aliahidiwa sarafu 25, ambazo wakati huo zilikuwa kama shilingi 7,000. Foleni zilikuwa ndefu hata pale KICC, Nairobi, mpaka Agosti 2, 2023 serikali ikausimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari za miili ya watu zilizokusanywa zifutwe. Sarafu ikishuka bei, umepata hasara. Lakini jicho halibadilishwi kama nambari ya siri. Mtu mwenye njaa hatumlaumu kwa kusimama foleni. Tunasema tu: kinachoitwa cha bure mara nyingi kina bei, ila haijaandikwa kwa shilingi.

Tangu Septemba 2023 serikali ilitoza kodi ya asilimia 3 kwa mauzo ya mali za kidijitali. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2025, na badala yake ikaja ya asilimia 10 juu ya ada za wenye masoko. Hapo wengi walisema, "Kama yatozwa kodi, basi ni salama." Hapana! Pombe na sigara pia hutozwa kodi.

Oktoba 2025 Rais alitia sahihi sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali hizi, ikaanza kutumika Novemba 2025. Inataka wawe na leseni, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hili ni jambo jema, maana sasa kuna mlango wa kubisha. Lakini tusiichukue leseni kuwa ni ahadi. Leseni ya matatu haizuii gari kuanguka, yakuonyesha tu ni nani wa kuulizwa. Na aliye ng'ambo anayekutumia mchezo kwa Telegram huenda hajawahi kuisikia sheria yetu.

MASWALI KUTOKA KWA WAJUMBE

Mzee mmoja aliuliza: "Mnatutisha na mtandao, lakini hata SACCO huliwa!"

Jibu: Ni kweli, mzee wetu, na hatutaficha. Mwanzoni mwa 2025 ripoti ya wakaguzi ilionyesha upotevu wa zaidi ya shilingi bilioni 13 katika KUSCCO, muungano wa SACCO zetu. Wezi wako kila mahali. Lakini tazama tofauti. Hapa kulikuwa na wakaguzi, ripoti, majina na mwanachama mwenye haki ya kusimama mkutanoni aulize. Na ukiweka pesa benki ikafilisika, kuna shirika la bima ya amana linalokinga hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja. Kinga hiyo haifiki kwa sarafu za mtandao, na haifiki kwa SACCO pia, kwa hivyo kaguzeni vitabu vyenu.

Kijana mmoja aliuliza: "Ndugu yangu ng'ambo hunitumia pesa kwa njia hii na ni rahisi. Pia kuna vibarua vya mtandao vinavyolipa hivyo. Tuache?"

Jibu: Hatusemi mwache. Ikiwa ni njia ya kupitishia pesa, ichukulie kama daraja: vuka, usijenge nyumba juu yake. Ikifika, igeuze kuwa shilingi upesi, kupitia kwa mwenye leseni. Tena twajua kuna majaribio ya heshima. Mwaka 2013 kule Mombasa, katika mtaa wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianzisha Bangla-Pesa, vocha za kubadilishana bidhaa wakati shilingi ni haba. Waanzilishi walikamatwa, kisha mashtaka yakaondolewa, na baadaye kazi hiyo ikaendelea kwa njia ya simu. Mwenye vocha alijua ni muuza mboga gani ataipokea. Kwa hivyo si kila kitu kipya ni kibaya. Swali letu ni lile lile, na pale Bangladesh lilikuwa na jibu.

Mama mmoja aliuliza: "Kijana wangu amemaliza shule, hana kazi, anagonga simu. Nimnyang'anye?"

Jibu: Mama, ukimnyang'anya atacheza kwa rafiki. Keti naye. Mwambie akuonyeshe mchezo wenyewe, na mfanye hesabu pamoja kwa karatasi: saa ngapi kwa wiki, bando shilingi ngapi, amepokea shilingi ngapi mkononi. Si alama, shilingi. Wengi hesabu yenyewe huwafundisha kuliko kiboko. Na sisi wazazi tukumbuke kwamba kijana hagongi simu kwa uvivu. Agonga kwa sababu hakuna mwingine aliyemwambia, "Njoo, kazi iko." Kikundi chenye akiba kinaweza kumkopesha kijana vifaranga, mashine ya kushona au vyombo vya kinyozi. Tusipompa njia, mtandao utampa.

TUFANYE NINI BASI?

Tuyaweke wazi ili katibu ayaandike.

1. Pesa ya kikundi isiingie katika sarafu za mtandao wala mchezo wowote unaoahidi malipo. Iandikeni katika katiba ya kikundi. Pesa hiyo ni ya mjane na ya mgonjwa, si ya mwenyekiti kujaribia bahati.

2. Mtu akitaka kujaribu kwa pesa yake mwenyewe, hiyo ni haki yake. Iwe ni pesa ambayo ikipotea yote, watoto watakula na karo italipwa. Asikope, asiuze ng'ombe, asiweke shamba rehani.

3. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza: Ni nani mwenye biashara hii, jina na ofisi? Ana leseni ya nani? Faida yatoka kwa kazi gani? Nikitaka kutoa pesa yangu leo, itatoka? Jaribu kuitoa ingali kidogo. Ukiambiwa ulipe kwanza ndipo utoe chako, hiyo ni wizi.

4. Usimpe mtu maneno yako ya siri, wala PIN, wala picha ya kitambulisho, wala jicho, kwa ahadi ya zawadi.

5. Ukihimizwa ulete watu wapya ndipo ulipwe, simama hapo hapo. Usimwite jirani ashike mkia wa simba uliyemkamata.

6. Aliyeibiwa asinyamaze kwa aibu. Apeleke habari polisi, aweke ujumbe wote wa simu bila kufuta, na aliambie kundi. Tapeli hula vizuri zaidi mahali ambapo watu huona haya.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni hivi vikundi: daftari lenye karatasi zilizokunjamana, sanduku la kufuli tatu, na watu tunaojuana kwa majina. Riba yake ni ndogo, na mikutano yake ni mirefu. Lakini pesa ikikosekana Jumamosi, tunajua ni kwa nani tutabisha hodi.

Chai iko tayari. Makatibu, kabla hamjaondoka mchukue nakala za yale mambo sita, na katika mkutano ujao wa kikundi yasomwe mara mbili, ili waliochelewa nao wasikie.